GTX 1060 au RX 580: kadi ipi ya mtumba ikufae ukiwa Malindi

Mpwa wangu wa Barani alinipigia simu Ijumaa moja baada ya magharibi, sauti juu juu. "Shikamoo mjomba. Nimeziona kadi mbili za grafiki, zile za kuchora picha za gemu, na mwenye kuuza asema hangoji. Moja ni GTX 1060 ya giga 6, nyengine RX 580 ya giga 8. Zimepishana elfu moja tu. Nichukue ipi?"

"Marahaba," nikamjibu. "Fungua kompyuta yako kwanza, uniambie waya zipi zinatoka kwenye pawa saplai, kile kisanduku cha kugawa umeme."

Akanyamaza. Wiki nzima alikuwa akitazama video za kulinganisha fremu, yaani picha ngapi kadi inatoa kwa sekunde, anajua GTA V inakimbia vipi kwenye kadi hii na ile, lakini kifuniko cha kompyuta yake mwenyewe hakuwa amekifungua tangu siku aliyoinunua. Hapo ndipo vijana wetu wengi wa Malindi wanapopoteza pesa. Kwenye gemu kadi hizi mbili zinakaribiana mno. Kinachoamua ipi ikufae ni boksi utakaloitia, joto la chumba chako, na tokeni za stima unazonunua.

Mimi nyumbani natumia RX 580. Nalitaja hili mapema ili ijulikane kwamba siisemi kadi nisiyoijua, tena naipenda. Hata hivyo, kompyuta nyingi zinazoletwa mezani kwangu ningezitia GTX 1060, na sababu zake ndizo nitakazozieleza hapa.

Kadi za rika moja

GTX 1060 ya NVIDIA ilitoka Julai 2016, katika kizazi kinachoitwa Pascal. RX 580 ya AMD ikaja Aprili 2017, nayo kwa hakika ni RX 480 ya mwaka uliotangulia iliyoongezwa kasi. Zilipoingia sokoni, ile ya NVIDIA ilitangazwa kwa dola 249, na ile ya AMD yenye giga 8 kwa dola 229. Kwa miaka kadhaa 1060 ndiyo iliyoongoza takwimu za kila mwezi za Steam, duka la gemu la mtandaoni, kwa wingi wa watumiaji, ikaja kuachia kiti mwishoni mwa 2022. Watengenezaji wa gemu wenyewe wanazitaja kwa pumzi moja: Cyberpunk 2077, tangu mahitaji yake yaliporekebishwa mwaka 2023, inataka angalau GTX 1060 ya giga 6 au RX 580 ya giga 8.

| | GTX 1060 6GB | RX 580 8GB |
|---|---|---|
| Viini | 1,280 | 2,304 |
| Memori | giga 6 za GDDR5 | giga 8 za GDDR5 |
| Kasi ya memori | giga 192 kwa sekunde | giga 256 kwa sekunde |
| Umeme | wati 120 | wati 185 |
| Tundu la umeme | pini 6 | pini 8 |

Usilinganishe viini 1,280 na 2,304, vile vitengo vidogo vya kukokotoa ndani ya chipu, kana kwamba unahesabu nazi kwa nazi. Viini vya NVIDIA na vya AMD havikuundwa kwa mpango mmoja, na ndiyo maana kadi yenye karibu nusu ya viini inakwenda sambamba na mwenzake. Mistari miwili ya mwisho ya jedwali ndiyo ya kuisoma mara mbili.

Kwenye gemu zenyewe

Kwa monita ya kawaida ya 1080p, kadi zote mbili zinacheza vizuri gemu ambazo vijana wa hapa wanazitaka hasa. GTA V ya kompyuta ilitoka 2015 na ilipendekeza GTX 660, kwa hiyo kwa kadi hizi ni kazi nyepesi. Valorant na Counter-Strike 2 zinategemea prosesa kuliko kadi. Mpira wa EA, tangu FIFA 23 hadi FC 24, uliomba angalau GTX 1050 Ti au RX 570, na zote mbili tunazozizungumzia ziko juu ya hapo. Red Dead Redemption 2 ilipendekeza GTX 1060 ya giga 6 au RX 480 ya giga 4. Punguza mipangilio kidogo nayo itatembea.

Tofauti inaanza kuonekana ukitazama gemu imejengwa juu ya mfumo upi wa kuzungumza na kadi. Gemu za zamani za DirectX 11 zinamfaa zaidi NVIDIA, kwa sababu draiva yake, programu inayoiendesha kadi, huichosha prosesa kidogo kuliko ya AMD katika mfumo huo. Gemu mpya za DirectX 12 na Vulkan zinamfaa AMD, na humo RX 580 mara nyingi hutangulia kwa fremu chache. Kompyuta nyingi za hapa ni zile zilizokwisha kufanya kazi maofisini ng'ambo, zenye Core i5 ya kizazi cha nne, viini vinne basi. Prosesa kama hiyo inaishiwa pumzi kabla ya kadi. Ukiwa na mashine ya namna hiyo na gemu zako ni za zamani, 1060 itakupa mchezo uliotulia zaidi. Ukiwa na prosesa ya Ryzen au Core ya karibuni na unataka gemu mpya za hadithi, 580 itakupa zaidi.

Giga 6 na giga 8

Hapa RX 580 inashinda, na sina haja ya kulizungusha. Memori ya kadi ndiyo inayobeba tekscha, yaani zile rangi na michirizi inayovishwa kuta, nguo, mchanga na nyuso za watu. Tekscha kubwa haziichoshi kadi sana maadamu zina pa kukaa. Zikikosa nafasi, kadi inaanza kuazima memori ya kompyuta kupitia madabodi, na njia hiyo ni ya polepole. Wastani wa fremu huenda usishuke sana, lakini mchezo unakwama, unaachilia, unakwama tena. Unapiga kona na gari, picha inaganda kufumba na kufumbua, ukirudiwa na macho umo ukutani.

Gemu za miaka ya karibuni zinazojaza giga 6 si chache. Kwenye 580 unaweza kuacha tekscha juu na kupunguza vivuli na nyasi. Kwenye 1060 lazima upunguze na tekscha. Anayecheza gemu kubwa za hadithi, anayetaka kuona kila uzi wa nguo, giga hizo mbili za ziada atazifurahia kila siku. Ni sababu moja kubwa iliyonifanya mimi nichukue 580.

Fungua boksi kabla ya kutoa pesa

Sasa turudi kwa mpwa wangu. Kesho yake asubuhi akanitumia picha. Mashine yake ni Dell OptiPlex 9020 ya mnara, pawa saplai yake ya asili ni ya wati 290, na hakuna hata waya mmoja wa pini 6 wala wa pini 8 ndani yake. Maana yake ni kwamba hakuna kadi kati ya zile mbili ambayo angeweza kuichomeka usiku ule akacheza. Angelipa, angefika nyumbani, angekaa akiitazama.

Hesabu yake ni hii, na ni nyepesi kukumbuka. Tundu la madabodi linaruhusiwa kuipa kadi wati 75. Waya wa pini 6 unaongeza 75. Waya wa pini 8 unaongeza 150. GTX 1060 inataka 120, kwa hiyo tundu na pini 6 vinaitosha na chenji inabaki. RX 580 inataka 185, na matoleo mengine yaliyoongezwa kasi kiwandani yanapita 200. Ndiyo maana ikapewa pini 8. NVIDIA ilishauri pawa saplai ya wati 400 kwa kadi yake, AMD ikashauri 500.

Vijana wakikosa waya, wananunua adapta ya bei ndogo inayogeuza waya wa SATA, ule wa hard disk, kuwa pini 6. Tafadhalini, msifanye hivyo. Kichwa cha SATA kimeundwa kubeba takriban wati 54 upande wa volti 12, na pini 6 inaweza kudai 75. Kwa 1060 unacheza na moto mdogo. Kwa 580 kupitia adapta mbili za namna hiyo, plastiki yaweza kuyeyuka. Nimeshika mkononi kichwa cha SATA kilichoiva rangi ya kahawia, na harufu yake ilikaa kwenye chumba siku mbili. Mwenye kompyuta alikuwa na bahati kwamba alikuwa macho.

Tena si kila boksi la ofisi linakubali pawa saplai ya dukani. OptiPlex 7010 ya mnara inachukua ile ya kawaida yenye kichwa cha pini 24. OptiPlex 9020 ina kichwa chake cha pini 8 kwenye madabodi, na HP EliteDesk 800 G1 ina cha pini 6, kwa hiyo utahitaji waya wa kugeuzia, ulio halali na mnene. Kama boksi lako ni la bapa, lile la kulala, hata usianze: kadi hizi ni za kimo kamili, hazitaingia. Na kwa minara mifupi pima urefu kwa rula. Kuna 1060 za feni moja zisizofika sentimita 18, zinazokaa vizuri mbele ya kreti ya hard disk. RX 580 nyingi zina feni mbili na urefu unaozidi sentimita 24, na hugonga kreti hiyo.

Aliye na mashine ya kazi nzito kama HP Z440 amepona kwa upande wa wati, kwa kuwa pawa saplai yake ni ya wati 525 au 700. Huyo atazame pini za waya zake tu, kisha achague kwa mambo mengine.

Gharama ya pawa saplai na waya wa kugeuzia iingize kwenye bei ya kadi tangu mwanzo. Mpwa wangu aliitishwa 12,000 kwa 580 na 13,000 kwa 1060, akaona 580 ndiyo rahisi. Ukiongeza pawa saplai ya kweli ya wati 500 upande mmoja, na ile ya 400 niliyokuwa nayo kwenye rafu upande wa pili, urahisi ule ulikwisha kugeuka.

Kaskazi, chumvi na mabati

Vipimo vingi vya mtandaoni vimefanywa kwenye vyumba vyenye kiyoyozi au kwenye nchi za baridi. Chumba cha kijana wa hapa ni mabati juu, dirisha moja, pangaboi likizunguka kama likikumbuka. Kati ya Desemba na Machi, kaskazi inapovuma na jua limekaza, hewa inayoingia kwenye kompyuta yako tayari ni ya moto, na kadi haiwezi kupoa chini ya hewa iliyoizunguka. Kila wati inayoliwa na kadi inageuka kuwa joto. Wati 65 za tofauti kati ya 580 na 1060 ni kama kuwasha balbu ya zamani ya kioo ndani ya boksi na kufunga kifuniko.

GTX 1060 hujipunguza kasi yenyewe inapokaribia nyuzi 83. Katika chumba cha moto inafika huko pole pole, na mara nyingi haifiki. RX 580 ndani ya boksi la ofisi lenye feni moja ya nyuma inafika haraka. Feni zake zinapiga kelele, na prosesa iliyo juu yake inapikwa kwa joto lile lile. Mimi yangu nimeitia kwenye boksi lenye feni mbili mbele na moja nyuma, nikaifunga isivuke fremu 60, kisha kwenye programu ya AMD nikapunguza volti hatua kwa hatua, nikiijaribu kwa gemu baada ya kila hatua. RX 580 zinakubali sana kupunguzwa volti. Yangu ilishuka joto waziwazi bila kupoteza mchezo. Lakini kazi hiyo inataka subira, na si kila mtu anayo.

Halafu kuna chumvi. Aliye Mnarani, Shela, au kule Watamu nyumba inayotazama bahari, anajua misumari na bawaba zinavyoliwa. Kadi nayo inaliwa. Skrubu za bati lake zinashika kutu, mbavu za alumini za kupozea zinaota unga mweupe, na unyevu ukichanganyika na vumbi unakuwa tope jembamba linaloziba hewa. Kadi yenye joto jingi inavuta hewa nyingi, na kwa hewa hiyo inaingia chumvi nyingi. Kila baada ya miezi mitatu fungua, futa kwa brashi laini ya kupakia rangi, zuia feni kwa kidole isizunguke unapopuliza. Mara moja kwa mwaka badilisha ile pesti ya joto iliyo kati ya chipu na chuma. Kadi ya mtumba iliyotoka miaka minane nyuma pesti yake imekauka kama udongo wa ukuta, iwe ni 1060 au 580. Ibadilishe siku ile ile uliyoinunua.

Stima

Tuchukue bei ya shilingi 30 kwa yuniti, iwe rahisi kuhesabu. Kijana anayecheza saa 4 kwa siku, kwa mwezi mzima, ile tofauti ya wati 65 inamlia kama yuniti 8, yaani shilingi 234. Si pesa ya kumkosesha mtu usingizi. Lakini mwenye chumba cha gemu Maweni anayewasha mashine 4 kwa saa 10 kila siku, tofauti ni yuniti 78, shilingi 2,340 kwa mwezi, na mwaka ukiisha ameshalipa bei ya kadi mbili za ziada. Kwa biashara ya kulipisha kwa saa sioni sababu ya kuchukua 580, isipokuwa amepewa kwa bei ya kutupwa.

Stima yetu inakatika pia. UPS nyingi za 650VA, zile betri za kushika stima ikikatika, hubeba wati 360 hadi 390. Kompyuta yenye 1060 inakaa ndani ya kipimo hicho kwa raha na kukupa dakika za kuzima salama. Yenye 580, pamoja na monita, inakaribia ukingo.

Majina yanayodanganya

Jambo hili limenigusa mwenyewe, na ndilo lililonifanya niketi niandike. RX 580 yangu ya kwanza niliinunua kwenye duka moja ambalo sitalitaja, boksi jipya, stika safi. Niliifikisha nyumbani nikaona fremu haziendani na nilichokitarajia. Nilipoipima kwa programu ya bure ya GPU-Z, ikaonyesha viini 2,048. Kumbe ilikuwa RX 580 2048SP, toleo lililotolewa kwa soko la China Oktoba 2018, ambalo viini vyake ni sawa na vya RX 570. Si bandia, si kadi mbovu, inacheza. Lakini nililipia 580 nikapewa 570 kwa jina la dadake. Niliporudi niliambiwa "580 ni 580." Haikurudishwa. Hadi leo nikimwona kijana anahesabu noti zake mbele ya boksi kama lile, moyo unanipiga.

NVIDIA nayo ina lake. Kuna GTX 1060 ya giga 3, na mtu atakwambia tofauti ni memori tu. Si kweli: ina viini 1,152 badala ya 1,280. Na giga 3 leo hazitoshi. Iache hata kama ni nusu bei. Juu ya hiyo kuna 1060 za bandia, kadi za zamani sana zilizoandikwa upya jina ndani ya chipu yake ili Windows izione kuwa ni 1060. GPU-Z inazitambua nyingi na kuandika neno FAKE mbele ya jina. Kwa hiyo usinunue kadi usiyoiona ikiwaka. Muuzaji wa kweli atakuruhusu uichomeke, ufungue GPU-Z kutoka kwenye flashi yako, uhesabu: 1,280 na giga 6, au 2,304 na giga 8. Dakika 5 zinatosha.

Kuna suala la kadi zilizochimba sarafu za kidijitali. Ethereum iliacha kuchimbwa kwa kadi tarehe 15 Septemba 2022, na baada ya hapo mitumba ikamiminika. RX 580 ya giga 8 ilikuwa kipenzi cha wachimbaji kuliko 1060, kwa sababu ya memori yake pana. Kadi iliyochimba si lazima iwe imekufa. Nyingi zilipunguzwa umeme na kukaa kwenye joto moja usiku na mchana, jambo ambalo chipu hulivumilia. Kinachochoka ni feni, pesti na memori. Na baadhi zilibadilishwa programu ya ndani ili memori ikimbie isivyo kawaida. Hizo zinaganda kwenye gemu mpaka programu ya asili irudishwe. Unapoijaribu, cheza gemu nzito nusu saa nzima, usikubali dakika mbili. Tazama vidoa vya rangi, mistari, au skrini inayozimika na kurudi. Sikiliza feni kwa sikio la karibu: mlio wa kukwaruza ni feni inayoaga.

Kama kompyuta hiyo hiyo inakupatia riziki

Malindi ina wapigaji video za harusi wengi, na wengi wao hucheza gemu usiku kwenye mashine ile ile wanayohariria mchana. Kwao ushauri wangu hauna mapindi: 1060. Programu za kuhariri video na za picha za 3D zimeizoea CUDA, njia ya NVIDIA ya kuzipa programu nguvu ya kadi, kwa miaka mingi. Blender, programu ya picha za 3D, tangu toleo la 3.0 la Desemba 2021, iliacha OpenCL, njia iliyotumiwa na kadi za AMD, na RX 580 ikabaki nje. Haiwezi tena kurenda, yaani kutoa picha ya mwisho, kwa Cycles, injini ya Blender yenyewe, kwenye toleo hilo na yaliyofuata, wakati 1060 inaendelea. Kurekodi mchezo au kurusha moja kwa moja kwa H.264, ule mtindo wa kubana video, pia, kifaa kilichomo ndani ya 1060 kinatoa picha safi kuliko cha 580. Arusi haisubiri kadi irende mpaka alfajiri.

Anayetumia Linux, naye ni nadra hapa lakini wapo, achukue 580. Draiva yake huria inakuja na mfumo wenyewe, unawasha unacheza.

Umri uliobaki

Zote mbili zimezeeka. AMD iliihamisha familia ya 580 kwenye draiva zenye masasisho machache mwaka 2023. NVIDIA iliipa Pascal draiva za gemu mpya hadi Oktoba 2025, na masasisho ya usalama yataendelea hadi Oktoba 2028. Hakuna kati yao yenye vifaa vya kufuatilia miale ya mwanga, kwa hiyo Indiana Jones and the Great Circle ya 2024 na Doom: The Dark Ages ya 2025 hazitafunguka. DLSS, mbinu ya NVIDIA ya kuongeza fremu kwa kukuza picha ndogo, hakuna, hata kwenye ya NVIDIA. Hiyo ni ya kadi za RTX. FSR, mbinu ya AMD ya kazi hiyo hiyo, ipo hadi toleo la 3, na uzuri wake ni kwamba inafanya kazi kwenye zote mbili. Gemu ikiwa nzito, iwashe, utapata fremu bila kulipa.

Monita zenye FreeSync, zile zinazokwenda pamoja na kasi ya fremu za kadi, zinafanya kazi na 580 kwa HDMI na kwa DisplayPort. 1060 inazikubali kwa DisplayPort tu. Kama monita yako ni ya ofisi, yaruke haya.

Tulichokifanya

Jirani yangu mmoja wa Ngala mwenye Ryzen, pawa saplai ya wati 550, boksi pana, anayecheza gemu za hadithi usiku kukiwa na upepo, nilimwambia achukue 580 bila kusita, na viini tulivihesabu pamoja: 2,304.

Mpwa wangu tulimchukulia 1060 ya feni moja. Jumapili alikuja na tuktuk, mnara kaupakata kama mtoto. Tukabadilisha pawa saplai, tukatia waya wa kugeuzia, nikasafisha kadi na kuipaka pesti mpya. Feni zikazunguka, monita ikabaki nyeusi. Ilikuwa ni monita ya VGA, lile tundu la zamani la analojia, na kadi hizi zote mbili hazitoi VGA. Hata tundu la DVI la 1060 ni la dijitali tupu, ile adapta ndogo ya plastiki isiyo na chipu haisaidii. Ikabidi atoke kutafuta adapta ya DisplayPort kwenda VGA, yenye chipu ndani. Nawaambia mapema mjue: tazama nyuma ya monita yako kabla hujalipa.

Saa tisa alasiri, jua kali, mabati yakilia juu yetu, GTA V ikiwa imewaka saa nzima, nikasoma nyuzi 74. Mpwa wangu hakutazama namba. Alikuwa amesimamisha gari pwani ya Los Santos, anazungusha kamera pole pole kutazama maji.

"Mjomba," akasema, "kumbe mawimbi yana povu."